Bi Honora Tuohy na Dirisha la Ormsby

Baada ya kukagua viwanda vya mji wa Harrow Falls kwa miaka ishirini na miwili, Bi Honora Tuohy anastaafu tarehe 30 Juni 1914. Anaondoka na kofia yake nyeusi yenye manyoya ya jogoo, ile ambayo wenye viwanda wakiiona ng'ambo ya mfereji huanza kukimbizana. Ofisi iliomba kofia ibaki. Amekataa.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na mkuu wetu, Bwana Lathrop, lakini ameshikwa na mafua ya ghafla. Nimepewa mimi, mpiga chapa na mkalimani wa Kifaransa, kwa sababu kukataa kunahitaji kusema, na kusema kunanishinda. Atakayeusoma ukumbini, kwenye hafla ya kumuaga, ni mwingine. Mimi nitakuwa nyuma, karibu na birika la chai.

Bi Honora aliletwa kutoka Ireland akiwa mdogo, akaanza kusokota pamba kabla meno yake ya utoto hayajaisha kung'oka. Ndiyo maana akiingia kiwandani hatazami anakoonyeshwa. Anatazama anakozuiwa.

Zamani kidogo, mkaguzi alipokanyaga ngazi, watoto wasiotimiza umri wa kazi walitumbukizwa kwenye makapu makubwa ya nyuzi na kufunikwa vitambaa. Wakaguzi wengine walifunua kapu baada ya kapu mpaka wakachoka. Bi Honora hakufunua kitu. Aliketi juu ya kapu, akatoa kopo lake la ugoro, akanusa kidogo na mwingi akauacha upeperuke. Kisha akangoja. Haukupita muda, makapu yakaanza kupiga chafya.

"Afya, mwanangu," aliliambia kapu. "Sasa toka, shule iko wazi."

Katika kapu mojawapo, pale kiwanda cha Ormsby, mwaka 1910, nilikuwamo mimi. Cheti changu kilisema nina miaka kumi na minne. Kilikuwa kimenitangulia kwa miwili. Mama yangu, Délima Robitaille, mfumaji wa ghorofa ya nne, aliziacha mashine zake akamjia juu Bi Honora kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista, asubuhi Kifaransa, mchana Kiingereza, basi nikatafsiri nikiwa bado nimesimama kapuni, pamba kichwani.

"Mama anauliza, wewe una watoto wangapi wa kulisha?"

"Amesema mengi kuliko hayo," Bi Honora akajibu. "Yalete yote."

Nikayaleta yote: "huyo mama mnene", na lile la nguruwe pia. Alicheka mpaka kofia ikamlalia sikioni. Wiki hiyohiyo nilirudishwa shule, na nilipomaliza akaniajiri. Mama hakumsamehe. Akimwona njiani alivuka barabara, hata theluji ikiwa ya magotini.

Lakini kazi iliyomkosesha Bi Honora usingizi ni ile ghorofa ya nne ya Ormsby. Ilikuwa na ngazi moja nyembamba ya ndani, na moto ukizuka, dirisha moja la kutokea kwenye ngazi ya chuma ya nje. Sheria ilidai njia ya kumtosha mtu mzima. Bi Honora na akina mama wa chama cha wafanyakazi waliipigania sheria hiyo mbele ya bunge la jimbo, huku wakirushiwa mabonge ya theluji na watu waliovaa suti. Bwana Ormsby, mwenye kiwanda, alipopelekwa mahakamani alimleta karani wake mwembamba, Bwana Pruitt, aliyeapa kwamba hupita dirishani kama uzi kwenye tundu la sindano.

"Mtu mzima si huyo?" akasema Bwana Ormsby.

Kesi ikaanguka, mara mbili. Kule juu walibaki wafumaji wote, na Mama kati yao. Mama si uzi.

Mara ya tatu Bi Honora aliomba Hakimu Crandall aende akajionee. Bwana Ormsby alifurahi kupita kiasi, na ili kumlainisha hakimu akamwandalia mlo: supu ya chaza, nyama ya kuoka, maharage ya kuokwa na pai za tufaha. Bi Honora alidonoa tu. Kila sahani ya hakimu ilipokaribia kwisha, alimsogezea bakuli.

"Mheshimiwa, maharage haya yataona aibu kurudi jikoni."

Walipopanda juu, alimwomba hakimu, kwa heshima zote, apite dirishani. Kichwa kilipita. Mabega yalipita baada ya majadiliano. Tumbo likakata rufaa.

Chini, wafumaji waliokuwa wakirudi kutoka mapumziko walimpungia mkono.

"Ormsby! Nivute!"

"Mbele au nyuma, Mheshimiwa?"

"Popote, bwege wewe!"

"Mheshimiwa," akasema Bi Honora taratibu, "tuseme sasa hivi kuna moto."

Hakimu akaanza kurusha miguu. Aliyemtoa ni Mama, aliyekuwa ameshapanda kwenye mashine zake: alikamata viatu vyake viwili, akavuta kama anavyovuta kitambaa kilichoumwa na mashine, naye akachomoka kama kizibo. Hukumu ilitoka jioni ileile: milango miwili mipana ya kutokea kwenye ngazi za chuma, ifungukie nje, bila kufuli saa za kazi. Mafundi wanaapa kwamba upana ulipimwa kwenye kiuno cha hakimu.

Machi mwaka huu vumbi la pamba lilishika moto ghorofa ya nne. Lile dirisha ndilo lililomezwa na moshi kwanza. Nilikimbia kutoka ofisini bila koti. Nikamkuta Mama barabarani na wenzake wote, masizi usoni, akigomba kwamba ameacha kopo lake la chakula juu. Bi Honora alikuwa ameshafika, anahesabu vichwa, kofia imekaa upande.

Safari hii Mama hakuvuka barabara. Kwetu kushukuru ni kazi nzito. Mwishowe akaniambia, "Muulize huyo mama mnene kama amekula."

Kabla sijafungua mdomo, Bi Honora alijibu kwa Kifaransa kibovu kabisa kwamba hajala. Hapo ndipo nilipojua kuwa siku zote alikuwa akituelewa, hata lile la nguruwe.

Bi Honora, ofisi nzima inakushukuru, na makapu ya mji huu, ambayo sasa yana nyuzi tu, yanakushukuru. Uamke utakapo, bila king'ora cha kiwanda. Chai yako iwe na sukari unayoitaka. Pai ya nyama iliyo mezani imetoka kwa Mama. Anasema ule yote, usiogope: mlango wa ukumbi huu ameupima mwenyewe, hutakwama.