Daftari Jeusi la Karani Wetu

Karani wetu wa kanisa anastaafu leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Mchungaji ameniomba mimi, mpiga kinanda, niandike wasifu wake, na akasisitiza uwe mfupi. Nitajitahidi.

Alianza na taipureta iliyong'oka herufi K, kwa hiyo kila neno "kanisa" alilianza kwa kalamu. Amefanya kazi chini ya wachungaji sita, na wote sita aliwafundisha kazi. Hakuna cheti cha ndoa wala cha ubatizo kilichowahi kupotea mikononi mwake. Sisi wanakwaya tulimwogopa kidogo, maana ukiacha kiti cha ofisini kimekaa upande, alikuita urudi ukinyooshe.

Lakini ukubwa wake tuliujua kwa bahati, Jumapili ya Watoto mwaka juzi. Mchungaji, bado mgeni, alichukua daftari jeusi mezani kwa karani akidhani ndiyo orodha ya waliobatizwa mwaka ule. Akapanda mimbarani kusoma majina, ili kila mama asimame na mwanawe. Kumbe lilikuwa daftari jingine. Humo karani aliandika kwa siri watoto waliofariki kabla ya ubatizo, ambao kitabu cha kanisa hakikuwapa nafasi. Mama zao walimwendea mmoja mmoja, wakalia, naye akaandika. Alijua akigundulika angeweza kufukuzwa.

Karani alikurupuka kwenda kumpokonya mchungaji daftari. Jina la kwanza lilipotajwa, alikuwa katikati ya kanisa. Akasimama hapohapo.

"Huyo ni binti yangu," alisema.

Sote tulidhani hajawahi kuzaa. Jina la pili likasomwa, akainuka mwalimu wa Shule ya Jumapili. La tatu, mke wa mzee wa kanisa. Mchungaji alishagundua kosa lake, lakini aliendelea kusoma hadi mwisho. Walisimama akina mama ishirini na wawili, mikono mitupu, vichwa juu. Nililia, kisha nikapiga wimbo wa sifa kwa nguvu zangu zote, na kanisa zima likaimba.

Majina hayo sasa yamo katika kitabu cha kanisa, kwa mwandiko wake.

Asante kwa kututunzia watoto wetu. Tunakuombea afya, furaha na usingizi wa kutosha asubuhi. Miaka yote tulikuita Karani tu. Kwenye kadi yako ya leo tumeandika Mama, kisha jina la binti yako.