Bantu Mbele, Nikasikia Bintu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitikia kwa nguvu, asante. Lakini leo nimekuja na hasira, na wengine mtaondoka nayo.

Mwaka ule wa uhuru nilisimama hapa hapa nikapaza sauti: "Bwana amenipa cherehani!" Mkapiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza imetoka wapi! Ilitoka nyumbani kwa Madamu, yule mzungu niliyemfulia nguo. Alipokimbilia Usumbura, ng'ambo ya ziwa, niliingia kwa dirisha, nikaibeba kichwani. Nilidhani huo ndio uhuru. Nimeiba mimi, halafu namsingizia Mungu!

Cherehani niliifunika kitenge kipya. Mama yangu, mzee wa miguu mibovu, alijifunika kitenge kilichochanika, na mimi ndiye mshonaji wa mtaa! Hata hilo sikuliona.

Kisha uasi ukafika hapa kwetu Uvira. Asubuhi risasi zikalia, watu wakakimbilia ziwani wavuke kwenda Burundi. Nilimbeba Mama mgongoni kutoka mtaa wetu wa Nyamianda, nikamketisha mchangani, nikarudi mbio kuchukua cherehani. Ndiyo, nilirudi! Nilipofika tena, mtumbwi ulibaki mmoja. Mwenye mtumbwi alikuwa akiita: "Bantu mbele! Bantu mbele!" Ndugu zangu, mnajua tunavyosema sisi wa hapa: bantu ni watu, bintu ni vitu. Mimi nikasikia "bintu mbele". Sikio lilisikia lile moyo ulilotaka! Nikapakia cherehani, nikapanda nayo, nikaishikilia isidondoke majini. Watu wakajazana nyuma yangu, risasi zikakaribia, mtumbwi ukasukumwa. Mama alibaki ameketi pale pale nilipomweka.

Nikapiga mayowe. Mwenye mtumbwi akageuka.

"Ule mama muzee ni nani yako?"

"Ni mama yangu! Weye ulisema bintu mbele!"

"Minye nilisema bantu!"

Akatema mate majini, akaendelea kupiga kasia.

Vita vilipotulia nikarudi. Jirani wa kwanza kunisalimu aliuliza: "Na mashini, iko muzima?" Mashini, yaani cherehani! Hakuuliza Mama yuko wapi! Nilitaka kumpiga kofi, kumbe anayestahili kofi ni mimi.

Nilimtafuta Mama miezi mingi, nikapanda hata Rurambo, kule juu kwa wafugaji. Huko mfugaji mmoja akanionyesha kaburi. Siku ile ya risasi alikuwa ameshuka na mbuzi wake kuuza. Alimkuta Mama ufukweni peke yake, akaacha mbuzi wote, akambeba yeye mpaka mlimani. Wala hakumjua! Mama aliishi kwake hadi homa ilipomchukua. Akaacha neno: "Mukiona binti yangu, mumwambie asijilaumu. Hata minye nilisikia bintu."

Ndugu zangu, miguu ya Mama ndiyo iliyokuwa mibovu, si masikio. Alisikia vizuri kabisa! Alisema vile ili mimi nipone. Nilianguka pale kaburini nikalia: Yesu, niliimba msamaha wako miaka yote bila kuujua. Siku ile nikafunguliwa. Cherehani nikampelekea mke wa mfugaji yule, maana Madamu sikumpata tena.

Namshukuru Mungu, namshukuru sana! Lakini hasira haijaisha. Asubuhi hii tumesikia shuhuda za baiskeli, za redio, za mabati mapya. Amina, Amina! Na wazee wenu wako wapi? Mmewaacha nyumbani wayalinde mabati! Hamwoni aibu?

Mtumaini Bwana, ndugu yangu, vitu haviwezi kukulilia. Na kama bado una mama, usiningojee nimalize. Inuka sasa hivi, nenda ukamlete hapa, hata kwa mgongo. Sadaka itasubiri.