Leontin Zgârdan, Aliyetutia Hofu ya Ndoo ya Maziwa

Leontin Zgârdan, mtoto wa kwanza wa Pantelimon na Floarea, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1959 hapa hapa Poiana Socului, katika nyumba ambamo jeneza lake limelala tangu juzi. Miaka minne baadaye nilifuata mimi, Saveta, ninayewasomea.

Alisoma shule ya kijijini hadi darasa la nane, kisha sekondari mjini Târgu Jiu, kisha chuo cha ualimu mjini Craiova. Mimi nilitolewa darasa la nne ili ng'ombe wapate mtu na yeye apate karo. Hayo mnayajua.

Tangu mwaka 1983 alifundisha historia Craiova, na kila msimu wa kupukuchua mahindi alikuja nyumbani na karatasi zake. Hadithi za kutisha alizipenda kuliko mkate. Alinisomea alizoziandika huku nikipukuchua. Mkono wangu ukiendelea, aliuchana ukurasa. Mkono ukisimama, alicheka.

"Hapo hapo, Saveta! Umeogopa nini?"

"Ndoo."

"Siyo maiti?"

"Maiti tumewazoea. Lakini nani ameijaza ndoo?"

Alisema woga wa kweli hutoka katika vitu vya nyumbani, wala si katika damu. Mimi sikujua kama nilikuwa namsaidia au ananichunguza.

Mwaka 1986 alimwoa Despina, mfamasia, wakajaliwa binti mmoja, Iuliana.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1991. Ndani yake mwanamke mfu anarudi kila alfajiri kukamua ng'ombe wa majirani, na ana kovu la kuungua kwenye shavu la kushoto. Kovu hili. Hadithi yenyewe nilimpa mimi. Uso wangu sikumpa. Wakati huo nilikuwa nimeposwa na Gavrilă wa kinu cha kusagia unga. Mama yake alinisimamisha mlangoni pa kanisa.

"Binti, mwanangu haoi mtu ambaye akipita, maziwa ya watu yanakauka."

"Mama, kile ni kitabu tu."

"Na kovu nalo ni la kitabu?"

Uchumba ukavunjika. Baadaye wasomaji walianza kuja kutoka mjini. "Mama, wewe ndiye unayerudi?" Nikawajibu, "Nirudi kutoka wapi, na sijawahi kwenda popote?" Walicheka, wakanipiga picha.

Marehemu alianza kuugua mapafu Machi 2015. Despina alimuuguza vizuri, lakini mwezi uliopita mwenyewe aliomba aletwe hapa. Jumanne, tarehe 4 Oktoba 2016, saa ya chakula cha mchana, nilimwashia mshumaa ashike, maana kwetu kufa bila mwanga mkononi ni aibu ya ukoo. Nikamwuliza kwa nini uso wangu. Akasema, "Nilitafuta mtu ambaye hata akiwa mfu ningemfungulia mlango. Nilikupata wewe tu."

Tangu hapo naligeuza neno hilo huku na huku. Sijui kama ilikuwa samahani, au alikuwa bado anatunga. Mkono wake uliposhindwa, mshumaa niliushika mimi.

Ameacha mke, binti, na dada mmoja asiye na mume wala mtoto.

Kabla jeneza halijafungwa, padri atatuuliza mara tatu kama tunamsamehe, nasi tutajibu, "Mungu amsamehe." Leontin aliandika, na wazee walisema kabla yake, kwamba asiyesamehewa ardhi haimpokei. Mara ya kwanza na ya pili mtanisikia nimenyamaza. Msigeuke kunitazama. Ya kwanza ni ya shule, ya pili ni ya Gavrilă. Ya tatu nitajibu, ingawa sijui kama nitakuwa nimemsamehe, au naogopa tu kwamba akirudi, nami nitamfungulia.

Apumzike kwa amani kaka yangu. Ikimshinda, safari hii abishe hodi kwanza.