Maneno Matatu Yaliyokosa Nafasi Jiweni

Mheshimiwa Kuhani wetu, Bibi Laodike, unayekabidhi ufunguo wa ukuhani leo. Waheshimiwa wasimamizi wa hekalu. Ndugu zangu mliotolewa kwa Mama wa Miungu kama nilivyotolewa mimi. Nanyi wageni mliopanda mlima tangu alfajiri na mbuzi wenu: nawaamkia kwa heshima.

Mimi ni Kopria, mfuma sufu. Nimeombwa nimsifu Bibi Laodike, nami namsifu. Miaka ishirini na miwili amefungua mlango huu, na katika sikukuu zake zote, moja kila mwezi, mia mbili sitini na nne, sikukosa hata moja kufagia madhabahu. Nani atanibishia hesabu hiyo?

Mwaka wake wa kwanza, siku bibi yangu Petronia aliponitoa utumwani na kunikabidhi kwa Mama, nisiwe na bwana mwingine, alichagua hati yangu ichongwe kwenye ile nguzo nyembamba ya mlangoni, ili jina lake lionekane. Jina likala mistari minne. Fundi Amunta akashusha tindo.

"Bibi, jiwe limekwisha. Bado 'na watakaozaliwa naye'."

"Acha tu," Petronia akasema. "Huyu naye ataolewa na nani?"

Mkacheka. Hata mimi nilicheka, maana ndio kwanza nilikuwa huru. Halafu nikakuuliza wewe, Bibi Laodike, kuhusu maneno yaliyoachwa, nawe ukaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Mama anajua."

Naam, Mama anajua. Lakini Nikanori, mrithi wa Petronia, hasomi moyo wa Mama, anasoma jiwe. Juzi alisimama kizingitini kwangu akamdai binti yangu Ladoma, wa miaka kumi na sita, awe mtumwa wake kwa kuwa hakuandikwa. Je, mtoto wa aliye huru afungwe kwa sababu bibi mmoja alipenda jina lake refu?

Petronia amekufa. Aliyepokea neno lake siku ile, alipolitamka kwa kinywa pamoja na hayo matatu, ni kuhani, na ushahidi wa kuhani una nguvu maadamu ufunguo ungali mkononi mwake.

Mguu wa meza ya matoleo una nafasi. Nimeupima kwa kidole: herufi kumi na tisa zinaingia, na pa kupumulia panabaki. Fundi Amunta yule pale, mvi tele, mkono haujatetemeka. Bibi Laodike, kabla hujautoa ufunguo, sema mbele ya watu hawa ulichokisikia.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Nitaketi nikisikia nyundo.