Kalamu Nyekundu: Historia Yake ya Pili

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu na nyote mliofika, wengi wenu mnanijua, mimi ni mdogo wake, na wengi wenu mnakumbuka kwamba tarehe 16 Juni 2007 nilisimama hapa hapa nikasoma historia ya mtu huyu huyu, nikalia, nanyi mkalia, tukazika jeneza ambalo ndani yake mlikuwa na koti lake tu. Leo nasoma tena, na safari hii yumo. Mnivumilie, maana karatasi ninayosoma ni ile ile ya siku ile, isipokuwa marehemu mwenyewe ameisahihisha kwa wino mwekundu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, siyo Machi kama nilivyosoma mwanzo, katika chumba cha nyuma cha baba yetu mshona viatu, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na kituo cha treni kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wavulana hadi Desemba 1968, na pale nilipoandika kwamba alikuwa wa kwanza darasani, amekata akaandika pembeni kwamba alikuwa wa saba.

Tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akaanza kwa kufagia vipande vya karatasi, na mwaka 1975 akapewa meza ya msahihishaji, chini ya dirisha lisilofunguka, akasoma kila kilichochapwa, vitabu vya shule, kadi za harusi, mabango ya dawa ya mbu, ndipo mkamwita Kalamu Nyekundu, na ninyi wenzake mnajua hata ratiba ya likizo ubaoni haikupona mkononi mwake. Mstari mbaya aliukata, na uliokuwa mzuri, kama mtu mwingine ameugusa bure, aliutilia nukta chini yake, maana yake ubaki kama ulivyo.

Marehemu alifunga ndoa na shemeji yangu, mshonaji wa sare za shule, tarehe 12 Agosti 1978, baada ya kumrudishia barua yake ya kwanza ya mapenzi ikiwa imesahihishwa, na mpaka leo hatujui kwa nini alikubali. Niliandika kwamba walijaliwa watoto watatu, naye amekata watatu akaandika wanne, kwa sababu wa kwanza alizaliwa tarehe 2 Juni 1979 akaishi siku tatu, nasi tulikuwa tumeacha kumhesabu.

Sasa nafika mahali ambapo mwaka ule nilisoma kwamba marehemu alichukuliwa na maji. Hakuchukuliwa na maji. Jumanne tarehe 5 Juni 2007, shemeji akiwa kwa binti yake aliyejifungua, nilipita nyumbani kwao nikakuta barua mezani chini ya kikombe, imeandikwa kwa mke wake, ikisema kwamba hajakosana na mtu, ila amesoma maneno ya watu miaka thelathini na miwili na anataka kukaa porini peke yake, mahali pasipo na neno la kusahihisha, na kwamba mke wake akitaka arudi, abandike tangazo pale dukani kwa muuza chumvi, atarudi siku hiyo hiyo. Niliona aibu. Niliogopa watu waseme kaka yangu amerukwa na akili, au amemkimbia mkewe, nikaitia barua mfukoni, na baiskeli yake na koti alivyoviacha darajani vilipoonekana, watu wakasema maji, nami nikaitikia maji. Shemeji, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imechukua karibu miaka kumi na miwili, na wewe ndiye uliyeitembea.

Mrina asali aliyekuwa akipita kwenye kibanda cha kaka kule juu porini ametueleza kwamba marehemu alishuka kwa muuza chumvi kutazama tangazo, akalikuta gari la matangazo likitangaza kifo chake, akaja, akasimama kwenye ua kati ya waombolezaji, akapokea karatasi kama mwombolezaji yeyote, huenda mkononi mwangu, akarudi porini akiamini kwamba mke wake ameisoma barua na kumwachilia kwa heshima. Kila mwaka alimwambia mrina asali kwamba hakuna mwanamke mwelewa kama huyo.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2019 marehemu aliugua nimonia, akabebwa hadi hospitali, ambako muuguzi aliikuta karatasi hii, yenye namba yangu ya simu, kwenye kopo lake la biskuti, akanipigia simu Jumapili tarehe 3 Februari, nami nikajibu kwamba kaka yangu alishazikwa, nikakata simu. Alipiga tena Jumatatu. Tulifika na shemeji Jumanne saa tatu asubuhi, marehemu alikuwa amefariki saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na yule muuguzi aliyepiga simu mara mbili, mrina asali aliyembeba mgongoni, majirani mliomzika mara mbili bila kulalamika, na wafanyakazi wa kiwanda mliochapa karatasi zote mbili.

Katika karatasi nzima ni mstari mmoja tu wenye nukta chini yake, nao ni huu, nausoma kama ulivyo: ndoa yao ilijaa upendo.

Na mwisho kabisa, kwenye yale maneno ambayo kila historia humalizikia, marehemu aliandika pembeni kwa wino mwekundu, Bado. Leo asubuhi shemeji aliitoa kalamu kwenye kopo la biskuti, akalikata neno hilo kwa mkono wake, akanirudishia karatasi niisome.

Kaka, pumzika kwa amani.