Mama Matumbo wa Igwata Anarudi Pwani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Philomena Nnunduma, Afisa Uvuvi, atakabidhi funguo za ofisi yake ya Lamadi baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi wa umma. Ishirini na miwili aliitumikia pwani ya Mtwara, kumi na miwili ametupa sisi wa Simiyu. Wahariri wa jarida hili wamemchagua afisa mifugo kuandika habari za afisa uvuvi. Nadhani walikosa mtu mwingine, lakini nimekubali, kwa sababu mambo mengi ya mama huyu nilikuwepo, na mengine yalimwagika ndani ya gari nililokuwa naendesha mimi.

Philomena ni mzaliwa wa Msimbati, huko kusini ambako bahari ya Tanzania inakaribia kuisha. Baba yake alikuwa mvuvi wa mshipi, na binti alijua kumtoa changu kwenye mwamba kabla hajajua kuandika jina lake. Changu, kwa wasomaji wenzangu wa Meatu na Itilima ambao samaki wao ni maharage, ni samaki wa baharini anayekaa chini karibu na miamba, mwenye macho makali na tabia ya kuonja chambo kama mkwe mwenye maringo. Ukimfuata na ndoano kubwa, anakucheka. Ukimfuata na ndoano ndogo, chubwi nzito ya kushusha mshipi mpaka chini, na kipande cha ngisi, anakuja. Hiyo ndiyo elimu aliyokuja nayo huku mwaka 2013, mkoa ukiwa mchanga na ofisi zetu za Bariadi bado zinanuka rangi.

Alikuja nayo kweli, na si kichwani tu. Katika mizigo yake kulikuwa na debe la ngisi wakavu. Alisafiri nalo kutoka Mtwara, na abiria wa mabasi yote aliyopanda wanalikumbuka hadi leo.

Kazi aliyopewa haikuwa ndogo. Katika mwalo wa Igwata, mahali mitumbwi ya Ziwa Victoria inapoegesha na kushusha samaki, wavuvi wengi walikuwa wakitumia kokoro, ule wavu wa kuburuta unaozoa mpaka watoto wa samaki. Sangara walikuwa wakipungua, na wakubwa walikuwa wametangaza kwamba mwalo usiojirekebisha utafungwa. Philomena hakupenda kuja na askari. Alikaa na mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi pale mwaloni, Bwana Shigela Masunga, akamweleza habari za migonzo, yaani kamba ndefu zinazoning'inizwa ndoano nyingi. Ndoano humchagua samaki kwa ukubwa wa mdomo wake. Mtoto wa sangara anapita, mkubwa anakaa.

Shigela alimwamini. Akawashawishi wenzake waweke makokoro chini kwa msimu mmoja, na ili kuwatoa wasiwasi akauza madume wawili wa ng'ombe kununua kamba na ndoano za mwalo mzima. Hapa naandika kama mtu wa mifugo: Msukuma hauzi dume kwa sababu ya maneno ya mgeni. Baba yake Shigela alikasirika hata akaacha kupokea salamu yake ya asubuhi. Kwa hiyo lililokuwa hatarini lilijulikana na kila mtu. Ndoano zikikataa, makokoro yanarudi majini, mwalo unafungwa, na Shigela anabaki kuwa yule aliyelisha ziwa ng'ombe wa ukoo.

Na ndoano zikakataa.

Wiki ya kwanza mitumbwi ilirudi mitupu. Wiki ya pili ilirudi mitupu, na ngisi wameloa wakiwa bado kwenye ndoano, hawajaguswa. Philomena alikuwa amewafundisha kama alivyofundishwa: ndoano ndogo, mawe mazito, kila kitu kishuke mpaka chini. Kwenye mwamba wa Msimbati angesifiwa. Mwaloni Igwata watu walianza kuuliza kama sangara wanajua Kimakonde.

Mkutano uliitishwa kuamua kama makokoro yarudishwe majini. Nilikuwepo kwa kuwa nilikuwa nimekuja Lamadi kwa shughuli za chanjo, nikasimama nyuma kabisa. Philomena aliinuka kabla hajaitwa. Hakutaja upepo, hakutaja mwezi, hakumlaumu mvuvi. Alisema ndoano hazina kosa, kosa ni lake, kwa sababu alimchagulia sangara chakula bila kumuuliza anakula nini. Akaomba wiki moja. Watu walimtazama kama wauzaji mnadani wanavyomtazama mnunuzi aliyetaja bei ya dharau. Ndipo Shigela alipozungumza, tena kwa sauti ya chini. Alisema: "Madume wangu wameshakwenda, siwezi kuwarudisha. Mumpe mayu wiki yake." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa pale kumwita hivyo.

Sasa, kuuliza si ujinga, lakini samaki utamuulizaje? Asubuhi iliyofuata Philomena alikwenda kwenye meza ya Debora, mama anayenunua sangara kutoka mialo ya jirani, kuwaparua na kuwakaanga. Akaomba apasue matumbo ya samaki wote waliofika siku ile. Debora alimtazama, akashika kisu chake vizuri zaidi, akakataa. Msimlaumu. Ndani ya sangara kuna bondo, kile kifuko chake cha hewa, na bondo linauzwa bei kubwa kuliko nyama yake. Mgeni anayeamka alfajiri na kutaka matumbo ya sangara wa watu, pale ziwani ana jina, na si jina zuri. Ilibidi Shigela aitwe kumdhamini. Makubaliano yakawa kwamba Debora apasue mwenyewe, bondo aweke kwenye beseni lake mbele ya macho ya wote, na afisa wa serikali apewe uchafu.

Philomena akakaa na ule uchafu asubuhi nzima. Aliuchambua kwa kijiti juu ya sinia, nasi tukimwangalia, wengine tukiwa tumeziba pua. Tumbo baada ya tumbo, lilikuwa dagaa. Dagaa hakai chini. Dagaa anaelea katika maji ya juu, na aliyeshiba dagaa alikuwa juu pamoja nao. Baadaye alinieleza kwamba katika miezi ile ya mvua na joto, maji ya chini ya ziwa huishiwa hewa, samaki hupanda kutafuta pumzi. Sisi tulikuwa tumewaandalia karamu kwenye chumba walichokwisha kuhama.

Basi akapindua kila alichofundisha. Mawe akayapunguza, akafunga madumu ya plastiki kuwa maboya ili migonzo ielee. Ndoano za changu akazirudisha kwenye boksi, akachukua kubwa, kwa kuwa sangara ana mdomo mpana kama wa diwani, na kwa kuwa ndoano kubwa humwacha mtoto aende akakue. Chambo kikawa samaki hai. Dagaa wenyewe hawafai, hufa upesi kwenye ndoano, hivyo akachagua furu, wale samaki wadogo wa mawe ya ufukweni, na kuwachoma kwa uangalifu chini ya pezi la mgongoni ili waendelee kuogelea. Sangara hupenda kinachokimbia. Ngisi wakavu tuliwala sisi, na debe likabaki kwa Debora, anawekea chumvi.

Migonzo ilitegwa jioni. Philomena alipanda mtumbwi pamoja na Shigela kwenda kuivuta, ingawa wazee wawili walinung'unika kuhusu mwanamke kuingia chomboni. Kamba ya kwanza ilipoanza kuvutwa ilikuwa nzito. Wengine walidhani imenasa kwenye magugu. Kisha sangara wa kwanza akajitokeza, akapiga mkia, akawalowesha wote, na nyuma yake kulikuwa na mwingine. Waliokuwa chomboni wanasema Shigela hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa mtumbwi, akateka maji ya ziwa kwa viganja, akanawa uso muda mrefu kuliko unavyohitaji uso kunawa. Siku ile baba yake aliipokea salamu yake.

Ningeweza kuishia hapo, lakini Philomena hakuishia hapo. Furu wa chambo nao wana ukomo, na baadhi ya vijana walishaanza kuwazoa kwa vipande vya kokoro la zamani. Dhambi iliyotolewa mlangoni ilikuwa inarudi dirishani. Akaja Bariadi, akaketi mbele ya meza yangu, akaniuliza katika mkoa huu mkavu maji husimama wapi. Nikamwambia, kwenye malambo ya ng'ombe. Akauliza humo huishi samaki gani. Nikasema kambare, na ndipo nilipojitafutia kazi ya miaka kumi na miwili.

Tulikwenda Sola, wilayani Maswa, kwa mzee Masele, msimamizi wa lambo la kijiji. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza kwa Kisukuma, akiamini mgeni haelewi, kama mama huyu mtu mzima ana watoto wa kumwangalia, maana anataka kununua kambare wasiofika hata kidole. Philomena alicheka na kumjibu kwa Kisukuma kibovu kwamba watoto anao na wana wasiwasi uleule. Wakapatana. Yakachimbwa mabwawa madogo kando ya lambo, ng'ombe wakaendelea kunywa kwao, kambare wakakuzwa kwao, na leo vikundi viwili vya akina mama wa Sola vinauza chambo ziwani wakati pamba ikiwa bado shambani.

Safari ya kwanza ya kuwabeba niliendesha mimi. Mfuniko wa pipa ulilegea kwenye mashimo ya barabara, na kambare, kama mnavyojua, hana haraka ya kufa. Tuliwaokota mpaka kwenye viatu vyetu. Mmoja hakuonekana hadi wiki iliyofuata, nilipokuwa nimembeba mgeni rasmi wa maonesho ya mifugo, naye akauliza kwa upole kama gari hili ni la idara ya maji taka.

Tangu mwaka ule Igwata pana desturi. Kila asubuhi, kabla mtumbwi wowote haujaandaa chambo, sangara wa kwanza kufika hupasuliwa kwenye meza ya Debora na wavuvi husogea kutazama. Wakikuta dagaa, maboya yanaongezwa. Wakikuta uduvi na tope, migonzo inashushwa. Wanaita kuuliza tumbo. Ndiyo asili ya jina la Mama Matumbo, ambalo limewafanya wageni kadhaa wafike ofisini kwake kuulizia supu.

Kwa miaka hiyo yote, hofu yake ilikuwa moja, na alikuwa akiisema waziwazi tukinywa chai. Alihofia kwamba anaiongoza Igwata kwa miguu yake mwenyewe. Siku akiacha kufika pale alfajiri, alisema, watu watachoka kuuliza, watatega kwa kubahatisha, ndoano zitarudi tupu na mtu atakumbuka kokoro liko wapi. Kadiri kustaafu kulivyokaribia, ndivyo alivyozidi kuwahi mwaloni. Mimi nilimwambia aache kuwaza. Ushauri rahisi huo, ukiwa si wewe unayeondoka.

Mwezi uliopita nilimpeleka akawaage. Gari lilipata pancha kabla ya Lamadi, tukafika jua limekwisha kupanda. Njiani kote alikuwa akitazama saa. Tuliposhuka, meza ya Debora ilikuwa imezungukwa. Sangara alikuwa ameshapasuliwa, bondo liko kwenye beseni, na wavuvi walikuwa wakibishana kwa nguvu kama uduvi ule ni wa jana au wa leo, na maboya yapunguzwe kiasi gani. Shigela alikuwa upande mmoja, mwanawe upande mwingine. Hakuna aliyegeuka. Philomena akajipenyeza ili aone, na Debora, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, akasema: "Mayu, sogea kidogo, unatuzibia mwanga."

Akasogea. Akasimama kando yangu. Nikadhani ameumia, nikaanza kutafuta neno la kumliwaza. Nilipomtazama machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepokea mjukuu.

Baadaye, ubishi ulipokwisha na mitumbwi ikaandaliwa, Shigela alimkabidhi zawadi ya mwalo: mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Nimemkagua mwenyewe, ni mnyama mzuri, mwenye mgongo ulionyooka. Kwa kuwa hawezi kupanda basi la Mtwara, atabaki katika zizi la Shigela, na kila ndama atakayezaliwa atakuwa wa Philomena. Kwa watu wetu hiyo si zawadi tu. Mtu mwenye ng'ombe mahali ana kwao mahali hapo.

Ndugu Philomena, mkataa kwao ni mtumwa, na wewe kwenu hukupakataa hata siku moja, kwa hiyo nenda. Tunakushukuru kwa subira yako na kwa kosa lako ulilolisema hadharani. Mungu akupe afya, mumeo akupe nafasi ya kwenda baharini, na wajukuu wakuachie angalau kiti kimoja. Changu wa Msimbati wamekaa bila wewe miaka kumi na miwili, na huenda wamebadili chakula. Usiwapelekee kambare. Waulize matumbo kwanza.

Sisi huku, ukiamka, tutakuwa tumeshauliza.