Ukuta Unaotazama Dirisha

Baba: Haloo! Namba ngeni hii. Nani mwenzangu?

Binti: Ni mimi, baba. Shikamoo.

Baba: Marahaba, mama. Simu yako imepatwa na nini?

Binti: Imezima. Hii ni ya mlinzi wa hapa kazini, anasema niongee haraka, salio lenyewe la kuungaunga. Baba, umefika wapi? Ulisema unakuja nyuma yangu.

Baba: Niko njiani.

Binti: Njiani wapi?

Baba: Njiani, basi! Unaniuliza kama askari. Rangi inaendaje?

Binti: Nimeharibu.

Baba: Umeanguka?

Binti: Hapana, mimi mzima. Ni ukuta. Ule mkubwa wa sebuleni, unaotazama dirisha. Kopo la kwanza limeniishia katikati, nikafungua la pili—

Baba: —na rangi zimekataana.

Binti: Umejuaje?

Baba: Endelea.

Binti: Makopo yana jina moja, namba moja, duka moja! Lakini huku maziwa, huku maziwa yaliyodondokewa na chai. Ukiingia tu unaona mstari, kama mtu aliyevaa suruali ya rangi mbili.

Baba: Labda bado mbichi. Rangi mbichi inadanganya.

Binti: Imekauka. Nimeigusa kwa mgongo wa mkono, kama unavyofanya wewe.

Baba: [anakohoa] Hukuyamimina pamoja?

Binti: Nini pamoja?

Baba: Makopo. Kabla hujachovya brashi unayamimina yote kwenye ndoo moja kubwa, unakoroga mpaka yawe kitu kimoja.

Binti: Mbona sijawahi kukuona ukifanya hivyo? Kila siku nakuta ndoo imeshajaa, wewe umekaa pembeni unakunywa chai.

Baba: Ndiyo. Nilikuwa natangulia. Nilitaka ulale kidogo.

Binti: Haya, nimelala. Na leo mchana mama mwenye nyumba anarudi safari. Unajua alivyosema: anamtaka mzee mwenyewe, siyo kuletewa binti wa mzee. Akiona huu mstari atanitoa humu na ndoo zangu. Na mama nyumbani ameshaniombea kwa mjomba, nikauze dukani kwake. Anasubiri tu niseme nimeshindwa.

Baba: Mama yako anakuhurumia.

Binti: Najua. Ndiyo maana siwezi kubishana naye. Njoo, baba. Njoo umalizie huu ukuta mmoja, mimi nitakushikia ngazi.

Baba: Haloo? Inakatika—

Binti: Nimesema njoo!

Baba: Nakuja, mama. Nimekaa kidogo tu.

Binti: Umekaa wapi? Nasikia nyundo.

Baba: Fundi viatu huyu.

Binti: Fundi viatu yupi?

Baba: Huyu wa mtaani.

Binti: Wa mtaani kwetu? Baba, huyo si nyumba ya tatu kutoka kwetu?

Baba: Ya nne.

Binti: Ulitoka saa ngapi?

Baba: Mapema.

Binti: Baba. Ulitoka nyumbani saa ngapi?

Baba: Ulipofunga geti, na mimi nikafungua. Nimevaa na ovaroli kabisa.

Binti: Tangu asubuhi? Mungu wangu.

Baba: Usilie kwenye simu ya watu. Huyu bwana amenipa kigoda, anasema nikae tu, atanibadilishia soli. Nimemwambia soli hazina neno, ugonjwa uko juu zaidi.

Binti: Usinichekeshe, baba.

Baba: Basi nisikilize. [anavuta pumzi] Kopo la kwanza limekwisha kabisa?

Binti: Nimelikwangua mpaka bati.

Baba: Na la pili?

Binti: Limejaa karibu lote.

Baba: Vizuri. Huo mstari achana nao. Usijaribu kuufichaficha, utazaa mwingine. Rudi kona ya kushoto, uupige ukuta wote upya kwa kopo la pili. Kona mpaka kona. Usipumzike katikati hata mtu akikuita.

Binti: Lakini kuta za pembeni ni za kopo la kwanza. Si zitakataana kwenye kona?

Baba: Kwenye kona mwanga unageuka. Hata ndoo ikiwa moja, kuta mbili zinazokutana hazifanani, macho ya watu yameshazoea. Simama mlangoni uangalie hizo zilizokwisha.

Binti: [anaenda mlangoni] Kweli. Huu wa mlangoni umekolea zaidi. Na rangi ni ileile.

Baba: Umeona. Shida ni kubadilisha katikati.

Binti: Na mwenye nyumba akinikuta peke yangu? Akiuliza fundi yuko wapi?

Baba: Atakukuta unafanya nini?

Binti: Napiga rangi.

Baba: Sasa fundi anamtafuta wa nini?

Binti: Wewe ungemwambia hivyo. Mimi ananitazama kuanzia miguuni.

Baba: Akitazama, tazama ukuta. Mimi nilianza— [anakohoa sana]

Binti: Baba? Mwambie huyo fundi akupe maji! Baba!

Baba: Nipo. Anayo hapa. Nipo.

Binti: Mlinzi ananyoosha mkono, anataka simu yake. Sikia, kesho ni vyumba vya kulala. Tutatoka pamoja, polepole. Tutachukua pikipiki, utakaa tu kwenye kiti uniambie.

Baba: Kesho anza na dari, ndipo ushuke kwenye kuta. Sakafu ifunike yote, yule mama ana macho.

Binti: Nimesema tutatoka pamoja.

Baba: Wewe uwahi, mama. Usinisubiri.

Binti: Usiseme hivyo. Na sasa hivi je, nani atakurudisha nyum—

[Salio limekwisha.]